Eti "mguu wa cherehani"!! Huyu fundi breki leo kanivuruga vibaya

Mvuta_Magari:

Wakuu habari za saa hizi, naandika huku natetemeka na sio baridi ya Uyole hapa Mbeya, ni hasira. Yule fundi, mnamjua, simtaji maana hata jina lake likitamkwa nati zinalegea zenyewe, yule wa kofia ya sufu anayecheza bao mpaka saa tano asubuhi ndo anashika spana, ndo huyo huyo.

Mimi kahilux kangu nakatumia kuvuta magari yaliyokufa njiani. Mlima Nyoka, Inyala, Igurusi, upande wa pili Iwambi mpaka Mbalizi, gari likizima mnanipigia. Brekipedi za mbele kanifungia yeye kwa mkono wake, nikalipa bila kuomba punguzo, akaniambia "hizi kijana wangu utazisahau". Nizisahau! Hazijamaliza hata km 9,000. Sembe niliyonunua siku ile bado ipo kwenye ndoo, pedi hakuna. Leo asubuhi nashuka Mlima Nyoka na Noah ya watu nyuma nimeifunga na chuma, kitu kikaanza kulia kriiiiii mpaka mbuzi wakaacha majani, harufu kama mtu anachoma kandambili, pedali inazama taratibu kama inaenda kulala. Nimefika chini nimeshawaita babu zangu wote mpaka wale waliokufa kabla Mjerumani hajafika.

Naenda kwa huyo bwana. Kafungua tairi, katoa pedi, kimebaki chuma na kitu unene wa ukucha, kinang'aa kama kioo cha saluni. Nikasema haya, leo ataomba msamaha. Kaiinua, kaigeuzageuza juani kama anakagua noti ya elfu kumi, mteja wangu mwenye Noah yupo hapo, mama wa chapati yupo hapo, vijana wa kuosha magari wote wapo hapo, akasema: "Pedi haina shida. Mguu ndo wa cherehani."

Wa cherehani wakuu!! Mimi! Miaka 11 barabarani!

Na hakuishia hapo, akavuta stuli akakaa, akaanza kukanyaga hewani taka taka taka huku mikono inasukuma kitambaa. Mama wa chapati kacheka mpaka chapati ikaungua, na iliyoungua ndo akaniuzia mimi. Mteja naye anacheka, mtu niliyemshusha mlima mzima mzima anacheka! Naondoka zangu dogo mmoja wa kuosha magari ananiuliza "bro, suruali unashona shingapi".

Nimefunga pedi nyingine (ndio, kwake, nlikuwa niende wapi na gari halina breki) lakini cherehani? Mbele ya mama wa chapati?

Kiazi_Mviringo:
Nimekuja mbio nikajua kuna ajali kumbe kuna mshono. Taka taka taka 😂😂

Dereva_IT:
Mkuu usichukie ila mzee kasema kweli. Unashuka Mlima Nyoka na mzigo nyuma kwa gia gani? Najua utasema namba nne, mguu kwenye breki toka juu mpaka chini. Weka namba mbili ukiwa bado huko juu, injini ikushikilie, breki ukanyage ya maana mara moja spidi ishuke halafu achia zipoe. Ukigusagusa muda wote zinachemka, zikishachemka ndo zinakuwa hicho kioo chako cha saluni, haziumi tena.

Mvuta_Magari:
Dereva wa IT, mpeleka magari ya bandarini mpakani, ndo wa kunifundisha breki? Nyie mnajua breki iko upande gani? Nyie si mnafika Tunduma gari halijashushwa melini.

Dereva_IT:
Tunafika lakini. Na hatunuki kandambili.

Mnyalu_wa_Ilula:
Kamwene. Ngoja nimtetee kidogo. Noah iliyozima haina busta ya kusaidia mguu kwenye breki, yule aliyekaa kwenye usukani huko nyuma hata akanyage kwa miguu miwili ni kama anakanyaga jiwe. Kwa hiyo Hilux inasimamisha magari mawili kwa pedi nne za mbele na drami za nyuma. Gari ya sokoni na kanisani pedi inaweza kwenda km 50,000 na zaidi, hii ya kuvuta milimani ikienda nusu ya hapo mtu ashukuru. Sisi wa mlima Kitonga tunajua, uzito ukiwa mara mbili joto mara mbili, spidi ikiwa mara mbili joto mara nne. Ila 9,000 ni chache mno, hapo mi nashuku pini za kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski) zimekauka, pedi imeng'ang'ania diski hata ukiachia mguu. Aliangalia pini?

Mvuta_Magari:
Pini saa ngapi, alikuwa bize anashona hewani mbele ya mama wa chapati.

Mama_Spea:
Nyie wanaume mnachekesha. Anakuja dukani mtu anavuta magari anataka "zile zisizopiga kelele". Zile kimya ni za mwalimu mkuu. Za kuvutia chukua zenye unga wa chuma ndani, zina kelele na zinakula diski kidogo ila joto zinalihimili. Na ile kriiiii sio mbuzi tu alitakiwa asikie, ni kibati kinakwambia pedi imeisha, mm 3 ikifika unatoa, hausubiri ukucha. Na mafundi mnaokuja kununua kwa niaba ya mteja mkataka risiti iandikwe bei nyingine mnajijua, mmoja kanijia leo hii na kofia ya sufu.

Mvuta_Magari:
NINI????

Cherehani_Soweto:
Samahani, nimesikia natajwa. Nashona hapa Soweto na naomba kuuliza, mafundi cherehani tumewakosea nini? Mguu wa cherehani una adabu, unajua pa kwenda na pa kusimama. Huyu angekuwa nao pedi zingefika mwakani.

Bibi_Harusi_Mafinga:
Aaah mafundi cherehani ndo nawatafuta mimi. Mwenzenu hapa Mafinga nimempa kitenge cha sendofu miezi miwili sasa, kila nikienda "dada imebaki vifungo tu". Gauni halina vifungo!! Lina zipu!

Kiazi_Mviringo:
Wangu aliniambia umeme umekatika. Cherehani yake ya miguu 😂

Dereva_IT:
Mi suti ya harusi ya kaka mkono mmoja ulikuwa unaishia kwenye kiwiko, fundi akaniambia kwenye picha nikunje mkono. Picha zote za harusi nimeshika kiuno kama naumwa mgongo.

Mnyalu_wa_Ilula:
Hahaha nawe ukakubali.

Mvuta_Magari:
Jamani uzi ni wa brekipedi. Na Mama_Spea hiyo risiti njoo PM.

Bibi_Harusi_Mafinga:
Pole kaka na pedi zako. @Cherehani_Soweto gauni la sendofu siku ngapi? Sendofu yenyewe Jumamosi ya wiki ijayo.

Cherehani_Soweto:
Lete kesho, Jumatano unachukua. Kitambaa una mita ngapi?

Bibi_Harusi_Mafinga:
Kipo kwa yule wa vifungo.

Mvuta_Magari:
Sa na mimi nina suruali yangu ya kadeti ilikatwa mguu mmoja mfupi, unarekebisha?

Kiazi_Mviringo:
Upi, wa breki?