Askari wa Mjerumani mwaka 1905 kavaa BERETI! Watengeneza tamthilia, mnatuchukuliaje?

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa tamthilia za Kituruki, hili ni jambo jingine kabisa na nina hasira nalo.

Kuna tamthilia ya kihistoria inarushwa sasa hivi. Jina nalihifadhi, wenye king'amuzi mnaijua. Tumetangaziwa wee kwamba ni Vita vya Majimaji kama vilivyokuwa, utafiti umefanyika, wazee wamehojiwa. Maandishi yanapita kwenye skrini: Kilwa, 1905. Nikajiweka sawa kwenye kochi. Mara wanaingia askari wa Mjerumani, wamejipanga mstari, na kichwani kila mmoja ana bereti nyeusi imelazwa sikioni kama analinda benki.

Bereti! Jeshi la Uingereza lenyewe limeanza kuwavisha askari wake wa vifaru bereti nyeusi mwaka 1924. Majimaji yameanza Umatumbi, kwa watu kuchoshwa na pamba ya kulazimishwa, Julai 1905, yakazimwa 1907. Hao askari wenu walizitoa wapi?

Na siyo kwamba picha hazipo. Wajerumani walipiga picha mpaka za mbuzi wao. Ukitazama picha yoyote ya askari wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani la makoloni, wa miaka ile unamwona amevaa tarabushi, ile kofia ya mviringo isiyo na ukingo, iliyovikwa gamba la khaki, nyuma imening'inia pazia ya kukinga shingo na jua, mbele kuna nembo ya tai. Hata simu ya tochi inafungua picha hiyo.

Tarabushi haikuletwa na upepo. Wissmann, ofisa wa Kijerumani, alipotumwa mwaka 1889 kuja kupambana na Abushiri aliyeongoza upinzani wa pwani, askari wake wengi aliwachukua Misri, Wasudani waliokwishatumikia jeshi la kule. Tarabushi ilikuwa kofia yao kabla Mjerumani hajawajua. Kule kaskazini nayo ilikuwa na historia yake: Sultani Mahmud II wa Uturuki alipowafyeka Janissari, askari wa jeshi lake la zamani, mwaka 1826 aliunda jeshi jipya, na jeshi hilo akalivisha tarabushi. Sufu iliyoshindiliwa, nyekundu, kishada juu, haina ukingo, kwa hiyo mtu anasujudu nayo bila kuivua. Mwaka 1925 Atatürk akaipiga marufuku Uturuki, na huku kwetu KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Waafrika, wakaendelea kuivaa kama kawaida. Hiyo peke yake ingetosha kipindi kizima, lakini watu wanataka bereti.

Sasa wapo wa kuniambia "mzee, kofia ni kofia tu, fuatilia stori". Mmoja kanijibu hivyohivyo kwenye ukurasa wao. Nikamuuliza: huyu wa Mjerumani na yule wa Mwingereza, kwenye mapigano ya 1914 hadi 1918, wote Waafrika, wote khaki, wote bunduki, wewe mtazamaji utawatofautishaje? Askari wa KAR alikuwa na kofia fupi ya duara, imekaa kichwani kama kopo, nayo ina gamba la khaki na pazia nyuma. Haikuwa na nembo ya tai. Baadhi ya vikosi viliweka mbele namba ya kikosi kwa tarakimu za Kiarabu. Kofia ndiyo inakwambia huyu anampigia nani! Ukiwavika wote bereti umefuta vita nzima, imebaki watu wa khaki wanafukuzana porini.

Halafu nenda kasome maelezo waliyobandika chini ya picha zao: "kofia za kijeshi za asili". Za asili ya nani? Ndiyo maana mambo yanaharibika tangu kwa fundi. Unamwambia fundi "nishonee kofia za kijeshi thelathini", atashona anachokijua, na anachokijua ni bereti. Mwambie tarabushi yenye gamba la khaki na pazia ya shingo, atakuuliza maswali, mtaelewana. Ukitaka wale waliokwenda Burma na KAR kwenye Vita Kuu ya Pili, sema pama, kofia ya ukingo mpana, iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Ofisa mzungu wa zamani juani ana chepeo, kofia ngumu, na hata aliyesoma Biblia tu anakutana na chepeo ya wokovu kwa Waefeso. Kilemba ni kilemba. Kofia ya chuma ni kofia ya chuma. Maneno yapo, tunayo, hayalipiwi.

Utetezi wao ulionichekesha zaidi ni huu: eti wanaogopa sheria, kwa sababu JWTZ lilishatoa siku saba Agosti 2023 kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Jamani! Sasa kati ya tarabushi ya 1905 na bereti, ipi inafanana na vazi la mwanajeshi wa leo? Mmekimbia moto mkajitumbukiza jikoni.

Wauzaji wa mavazi ya maigizo nao wamo. Mwanangu alikuwa na igizo shuleni, nikaagiza tarabushi mtandaoni, picha kwenye tangazo safi kabisa. Kilichofika ni kadibodi imeviringishwa, juu imefunikwa satini nyekundu inayong'aa, kishada cha njano cha kofia ya kuhitimu kimebandikwa kwa gundi, na gundi yenyewe inaonekana. Mtoto alipotoka jasho rangi ikamchuruzikia usoni. Elfu ishirini na tano. Nilipolalamika nikaambiwa "boss, hiyo ndo tarbushi".

Mnaokaa Dar na mnatengeneza filamu, gari lenu linapita Sanamu ya Askari, pale Samora na Azikiwe, kila siku. Ipo tangu 1927, pale ilipokuwa sanamu ya huyohuyo Wissmann. Mkikwama kwenye foleni inueni macho mkamtazame kichwani, muone kama kuna bereti. Wa Nairobi wanao watatu pale Kenyatta Avenue, yupo na mpagazi. Ni bure, hakuna kiingilio.

Nimewaandikia mara mbili, wamesoma, kimya. Nasikia vipindi vya Lugalo, pale Mkwawa na Wahehe walipowapiga Wajerumani, vinapigwa picha mwezi ujao. Huko ni 1891, karibu zaidi na Wasudani wa Wissmann. Kama kuna mtu humu yumo kwenye timu yao, au anamjua anayeshughulika na mavazi, aje inbox, picha ninazo na nampa bure. Na mwenye kumjua fundi wa Unguja au Kariakoo anayeweza kutengeneza tarabushi ya sufu ya kweli, siyo kadibodi, naomba namba, bado nadaiwa na mtoto.