ARUSHA: Tumelipishwa "leseni ya mwaka" kwa programu ya bure ya kutambua nyota, tena kaifunga nusu

Wakuu, nina hasira na sifichi. Duka moja la kompyuta hapa Arusha mjini limekula laki mbili na nusu za kikundi chetu cha wanafunzi wapenzi wa anga. Eti "leseni ya mwaka" ya Astrometry.net. Programu ile haina leseni ya kulipia! Dustin Lang na wenzake waliitoa bure, maelezo yake ya kitaalamu yakachapishwa 2010, na yeyote anaruhusiwa kuishusha. Fundi wa duka angesema ni hela ya ufundi tungelipa bila maneno, maana kuifunga kuna kazi.

Na hiyo kazi yenyewe kalipua. Pale dukani aliingiza picha ya Msalaba wa Kusini iliyopigwa kwa simu, mara majina ya nyota yakajichora, tukapiga makofi. Tumefika Ngaramtoni usiku, mtandao haushiki, darubini tumeilenga NGC 4755, kishada cha nyota kilicho jirani kabisa na nyota Mimosa kwenye Msalaba huohuo. Programu inasaga weee, mwisho inagoma. Nampigia, ananijibu, "Kaka, picha zenu mbovu, nunueni kamera." Mbovu wapi? Nyota zimetoka vidoto safi!

Nikafungua folda. Programu hii huchukua nyota nne nne, inageuza umbo lake kuwa namba, inaitafuta kwenye faili za indeksi, yaani orodha za maumbo ya nyota zilizopangwa kwa ukubwa. Haijali picha imelala au imepinduka, lakini faili za maumbo ya ukubwa huo zisipokuwepo haina pa kutafuta. Jamaa kaweka faili namba 4107 hadi 4119 basi. Maumbo madogo kabisa humo yanaanzia dakika 22 za pembe (digrii moja ina dakika 60), na picha yetu kona kwa kona haifiki dakika 20. Itasomaje? Na ukubwa huo tulimwandikia kwenye karatasi kabla hajashika hela! Mfululizo wa faili za 5200 unaanzia dakika 2, nao ni bure, ila una gigabaiti nyingi. Kakwepa kuunguza bando.

Hii ni michango ya wanafunzi, wengine wamejinyima nauli. Risiti ninayo, nataka hela yote irudi. Na kama kuna mdau Arusha au Moshi ana hizo 5200, anitumie ujumbe, nakuja na diski yangu kuzikopi wikiendi hii.