Naomba ushauri: kupima upendeleo wa redio wakati wa kampeni

Wakuu, tunapima upendeleo kwa kuhesabu sekunde za kila chama kwenye taarifa ya habari. Kinachotukwamisha ni rais anayegombea tena: akizindua barabara, muda huo ni wa serikali au wa chama chake? Ukiuandika serikali, chama tawala kinaonekana kimenyimwa nafasi, jambo ambalo ni kichekesho. Sasa nafikiria kuupa muda huo safu yake kwenye jedwali, halafu kuandika pia kama mgombea alisikika kwa sauti yake au alisimuliwa tu, na mwelekeo wa habari kumhusu: chanya, hasi, wa kati. Wapimaji wawili watasikiliza taarifa ileile, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kuhusu mwelekeo, aamue nani? Na matangazo ya kulipiwa yaliyovalishwa sura ya habari mnayahesabu wapi?