Mrejesho: kigauni cha leso kimepita kichwani

Asalaam aleikum dada zangu. Mwezi uliopita niliwauliza kwa nini vigauni ninavyomshonea mjukuu wangu hapa Lamu havipiti kichwani, tena vikifuliwa vinakuwa vifupi.

Kosa lilianza kabla sijashika mkasi. Nilikuwa nakata leso mpya na wanga wake. Safari hii niliiroweka usiku kucha, maji yakatoka mekundu kama rozela, nikaianika kivulini na kuipiga pasi. Ilikuwa imerudi karibu vidole viwili! Basi zile nguo za kwanza zingefaa vipi?

Kuhusu shingo ya kigauni, mama uliyeniambia nipime kichwa badala ya kifua, Mungu akuzidishie. Nilipasua mgongoni, nikatia kamba fupi mbili. Vifungo sitaki tena kwa mtoto mchanga, kimoja kikikatika kinakwenda mdomoni. Mishono nimeikunja mara mbili isimkwaruze kwapani, maana joto la huku mnalijua.

Ijumaa ilikuwa arobaini yake. Kavishwa, kavuliwa, hakulia. Kipande kilichobaki nimemshonea kijimto, na leso ya pili iko majini sasa hivi.