MJADALA: Nani anamheshimu shabiki, wazee wa rock au madogo wa pop? Mimi naangalia tiketi

Mleta mada

Wakuu salama? Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Kuna mshkaji wangu ye ni mtu wa pop, za Korea na za Marekani, mimi tangu sekondari ni mtu wa magitaa. Sasa akatoa kauli kwamba wazee wa rock wote wanajiskia, ukiwaomba picha wanakuangalia kama umewaomba figo, ila madogo wa pop wanawajali watu wao, kila siku wako laivu, wanajibu komenti, wanalia pamoja nao. Nikataka kumjibu palepale nikakwama, maana nusu ya alichosema ni kweli.

Wazee rekodi yao ni chafu jamani tusifichane. Roger Waters wa Pink Floyd mwaka 1977 Montreal alimtemea mate shabiki aliyekuwa mbele ya steji, amekiri mwenyewe, na ile aibu ndo ikamsukuma kuandika The Wall, albamu ya mtu anayejijengea ukuta akabaki peke yake. Axl Rose wa Guns N' Roses Julai 1991 karibu na St. Louis aliona mtu ana kamera, akaruka kutoka stejini akamvaa, akarudi, akasusa shoo akaondoka zake, watu wakavunja ukumbi na makumi wakaumia. Hata Ringo Starr wa The Beatles, mtu mpole yule, Oktoba 2008 alitoa video akasema barua zitakazofika baada ya tarehe 20 zinaenda kwenye pipa la taka, msinitumie tena vitu vya kusaini nina kazi nyingi, afu katikati anachomekea amani na upendo, amani na upendo. Ile video mpaka leo nikiiona nacheka.

Pamoja na hayo bado nasema mshkaji kakosea kipimo. Kujibu komenti hakumtoi mtu hata shilingi, na hujui hata kama ni yeye anayeandika. Mimi nataka nimuone msanii pale ambapo kumheshimu shabiki kunamkata hela mfukoni, na hapo pako sehemu moja tu, kwenye tiketi.

Chukueni Pearl Jam, bendi ya rock ya Marekani. Mwaka 1994 wako kileleni, wawili wao, Stone Gossard na Jeff Ament, wakaenda mpaka bungeni Washington kutoa ushahidi dhidi ya Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi. Walitaka tiketi yao isizidi dola 20 na makato yasizidi dola 1.80. Wakafuta ziara yao ya kiangazi, wakapoteza hela ya maana, na mwaka uliofuata serikali ikafunga uchunguzi bila kufanya lolote. Walishindwa kabisa, baadaye ikabidi warudi kwa walewale. Ila walijaribu wakiwa na cha kupoteza.

Au Robert Smith wa bendi ya The Cure, yule babu wa lipstiki na nywele za kuchanguka. Machi 2023 kaweka tiketi za Marekani kuanzia dola 20, kakataa ile bei inayopanda yenyewe kadri watu wanavyojaa (kama nauli ya teksi za app mvua ikinyesha Dar), halafu mashabiki wakaanza kupost risiti, kuna waliokatwa makato makubwa kuliko tiketi yenyewe. Mzee akaandika kwa herufi kubwa kwamba anaumwa roho na hii kitu. Akawabana Ticketmaster, wakarudisha dola 10 kwa wenye tiketi za bei ya chini na dola 5 kwa wengine. Nyie mmeshawahi kuona makato yakirudi? Mimi hata ya simu sijawahi.

Na Billy Joel, safu za mbele kabisa alikuwa haziuzi. Anatuma vijana wake juu kule kwenye viti vya bei rahisi wakachukue watu wawashushe mbele, kwa sababu alichoka kuimbia matajiri waliokunja nne na sigara zao.

Sasa nileteeni dogo wa pop aliyefanya hivyo. Mimi ninachoona ni kuuziwa kitu kimoja mara nne. Midnights ya Taylor Swift, 2022, santuri ilitoka na majalada manne tofauti, ukiyapanga migongo inatengeneza uso wa saa ya ukutani, na mashine ya kuifanya iwe saa nayo unanunua. Karibuni, ila matusi hapana.

Mdau wa Leeds

Kaka pole na kahawa yako ila umechagua mifano kama mtu anayechagua nyanya sokoni, zilizooza umeziacha chini ya kapu. Bruce Springsteen, mzee wa rock wanayemuita Bosi, yuko wapi kwenye uzi wako? Nauliza tu.

Julai 2022 tiketi za ziara yake na E Street Band zilipoingia sokoni Marekani, kwa hiyohiyo bei ya kupanda na mvua, kuna viti vilifika karibu dola 5,000. Hizo ni pikipiki tatu nne mpya huko nyumbani. Na huyu ndo mzee wa nyimbo za mafundi na wafanyakazi wa viwandani, maisha yake yote kawaimbia watu ambao ile bei hawaigusi. Jarida la mashabiki wake, Backstreets, lililokuwepo tangu 1980, 2023 likafunga, wakasema moyo umevunjika. Mwenyewe alipoulizwa akajibu kwamba miaka yote alikuwa anauza chini ya soko, safari hii aliwaambia watu wake wafanye kama wenzake wanavyofanya, na hiyo hela ya walanguzi bora aichukue anayetoka jasho masaa matatu stejini.

Halafu Oasis. Nipo huku Uingereza, siku ile ya tarehe 31 Agosti 2024 kila mtu ofisini na mtaani alikuwa anaongea foleni ya intaneti. Mtu anasubiri masaa, tiketi ya kusimama aliyoikuta imeandikwa pauni 150 hivi, akifika mbele ni 350 na zaidi. Baadae bendi ikasema mambo ya tiketi wanawaachia mapromota na mameneja, hawakujua kama hiyo bei itatumika. Sasa ndugu yangu, hujui bei ya duka lako mwenyewe?

Taylor unayemsema, ziara ya Eras alikataa bei ya kupandapanda. Aliyeharibu ni mfumo, Novemba 2022 mauzo ya awali yalipokwama, na bado ziliuzwa tiketi milioni 2 na laki 4 siku moja, Januari 2023 Seneti ikawaita Ticketmaster waje kujieleza. Kwa hiyo kwa kipimo chako mwenyewe binti kamzidi Bosi.

Mdau mwingine

Taylor kazaliwa 1989, dogo gani huyo, ana umri wa shangazi yangu 😂 ila hoja ya Springsteen imekaa.

Mdau wa Mwanza

Mi naona mnajadili vitu vya mbele wakati hapa kwetu kuna msanii mmoja simtaji, alikuja, tangazo limeandikwa saa mbili usiku, sisi tumesimama mpaka saa nane, akapanda akaimba nyimbo tatu za CD na mdomo haulingani na sauti, akatuuliza "mko poa?" akasepa. Huyo ni mzee au dogo? Hatujui, miwani ilifunika uso.

Ila kwa wazee nina moja. Dave Grohl wa Foo Fighters, Juni 2015, Gothenburg Sweden, alianguka kutoka stejini mapema kabisa akavunjika mguu. Kachukua maiki akiwa bado chini, kawaambia watu nadhani nimevunja mguu, nitarudi. Na akarudi! Kakaa kwenye kiti, daktari kamshikia mguu, kapiga shoo mpaka mwisho. Huyo hata akinikatalia selfi namsamehe mpaka kiama.

Mama wa Mombasa

Mimi nyinyi nawasoma tu lakini hapa wacha niingie kwa sababu nyumbani kwangu nina binti wa miaka kumi na tano na ukuta wote wa chumba ni BTS, lile kundi la vijana wa Korea, kadi zao anaenda kuprint cyber shilingi kumi kumi.

Mwanzo nilikuwa nasema ni upuzi. Baadaye nikakaa naye nikaangalia. Yule mkubwa wao, Jin, alimaliza jeshi tarehe 12 Juni 2024, na kesho yake, kesho yake jamani, akasimama Seoul akakumbatia mashabiki elfu moja mmoja mmoja. Mleta mada, mzee wako gani wa gitaa atakumbatia watu elfu moja? Huyo wa mate au huyo wa pipa la taka?

Lakini pia yako mengine ambayo yananitia hofu. Kule ukitaka kuonana na msanii akusainie unanunua albamu, ndani yake ndiyo bahati nasibu, kadri unavyonunua nyingi ndivyo nafasi inavyokuwa kubwa, kwa hivyo watoto wananunua makumi ya CD na nyingi hata hazifunguliwi, zinatupwa. Haya si mapenzi, ni bahati nasibu yenye sura nzuri. Na wasanii wenyewe ndio wanaolipia zaidi: Machi 2024 Karina wa aespa, kundi la wasichana wa Korea, aliandika barua kwa mkono akiwaomba mashabiki msamaha, kosa lake ni kuwa na mchumba. Msichana mkubwa, mchumba mmoja, barua ya msamaha. Binti yangu aliona ni sawa aombe msamaha, na hapo ndipo tulipogombana.

Mdau wa Leeds

Mama umemaliza. Halafu watu wanashangaa Chappell Roan, dada wa pop wa Marekani, Agosti 2024 alipoingia mitandaoni akasema wazi hataki kufuatwafuatwa, hataki kushikwa na watu asiowajua, kazi yake inaishia stejini. Walimuita mwenye dharau. Mimi nilimuelewa sana.

Mdau wa Arusha

Wanaolilia selfi wakumbuke vitu viwili. Tarehe 8 Disemba 1980 John Lennon alimsainia mtu albamu nje ya nyumba yake New York, mtu huyohuyo akamsubiri palepale mpaka usiku akamuua. Na Juni 2016 Orlando, Christina Grimmie, binti wa miaka 22 aliyetoka YouTube, alikuwa ametoka kuimba anasalimiana na mashabiki, kamfungulia mikono mtu aliyekuja kumbe ana bastola. Mmoja mzee wa rock, mwingine dogo wa pop, wote waliuawa na mtu waliyempokea kama shabiki. Na Japani, Mei 2014, kwenye ile foleni ya kushikana mikono na AKB48, kundi la wasichana wa pop, ambayo unaingia kwa tiketi iliyo ndani ya CD, mtu alikuja na msumeno, akajeruhi wasichana wawili na mfanyakazi mmoja.

Kwa hiyo Ringo kusema msinitumie vitu sioni dharau. Katoka bendi moja na Lennon yule.

Mleta mada

Nimesoma zote. Mdau wa Arusha hilo la Ringo umenifunga mdomo, nilikuwa nacheka miaka yote sikuwahi kuunganisha. Sitacheka tena, au nitacheka kidogo.

Springsteen: nilimruka makusudi, nakiri, ni shabiki wake na iliniuma. Hoja yake ya walanguzi ina ukweli kiasi chake, kwa sababu ukiuza kiti dola 100 wakati mlanguzi anakiuza 2,000, hiyo tofauti mtu anaila. Ila Robert Smith alikuwa na tatizo hilohilo na akalitatua kwa kuzuia tiketi isihamishike kwenda kwa mtu mwingine kila jimbo ambalo sheria iliruhusu. Kwa hiyo njia ilikuwepo, sema haikuwa na hela. Oasis sina utetezi, kama hawakujua ni aibu na kama walijua ni aibu zaidi.

Mama wa Mombasa shikamoo. Hao elfu moja wa Jin nimewakubali, siwezi kuwapinga kwa tiketi, ile ni mikono ya mtu na mgongo wake, na kesho yake tu baada ya jeshi. Ila hiyo bahati nasibu ya CD ndo hasa ninachokisema, kampuni inachukua mapenzi ya mtoto inayapigia hesabu. Bei ya kupandapanda ya wazee na kadi za madogo naona zimetoka tumbo moja.

Mdau mwingine

Mleta mada uliomba dogo aliyekata bei, nimekaa kimya nakuangalia tu unavyojifunga. Olivia Rodrigo, kazaliwa 2003. Ziara ya Guts alitenga tiketi za dola 20, na Oktoba 2024 Ufilipino, ukumbi wa makumi elfu, tiketi ZOTE aliuza peso 1,500 tu na mapato akatoa msaada. Ed Sheeran naye 2018 kafuta tiketi zaidi ya elfu kumi zilizokuwa kwa walanguzi. Haya jibu.

Mleta mada

Sina jibu, nimekamatwa. Dola 20 ileile ya Robert Smith.

Halafu nimekumbuka kitu, mwisho wa Juni 2025 pale kwenye tamasha la Glastonbury Uingereza, Olivia ndo wa mwisho kupanda siku ya Jumapili, katikati ya shoo akamwita mgeni stejini, akatoka babu wa lipstiki na nywele za kuchanguka, wakaimba nyimbo mbili za The Cure. Huyu wa 1959, huyu wa 2003, na mtoto ndo anamwangalia mzee kama shabiki aliyeshushwa kutoka viti vya juu. Klipu nimemtumia mshkaji wa kijiweni sasa hivi. Tiki zimeshakuwa bluu, hajibu.