Mrejesho: amplifaya "tamu zaidi" ilikuwa na sauti kubwa tu

Ndugu zangu, niliuliza mbona amplifaya mpya yasikika safi kuliko ya zamani. Mliosema nisawazishe kwanza ukubwa wa sauti ya zote mbili, mlipatia. Mlio wa hezi 100, mita ya volti kwenye AC (umeme geu), ncha zake kwenye vituo vya waya za spika: mpya volti 2.24, ya zamani 2.00. Karibu desibeli 1 hiyo (kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio huipokea kama "uwazi", si kama sauti kubwa zaidi.

Nikasawazisha hadi tofauti ikawa chini ya volti 0.02. Kisha raundi 16 za kukisia ipi inalia: sarafu inarushwa kuichagua, mtu abadilisha waya nyuma ya pazia (zima zote kwanza, waya zikigusana, transista za ndani ya amplifaya huweza kuungua), feni imezimwa isipige kelele, na joto la Kibokoni, Mombasa, mwalijua. Nilipatia 9. Kubahatisha hutoa 8. Zingefika 12 ningeanza kuamini. Mpya narudisha dukani.