Mlo ule ule, fenoli tofauti kwenye mkojo: kosa la maabara au utumbo?

MezaYaSampuli: Wakuu, habari. Washiriki wamekula mlo mmoja wa soya na komamanga kwa siku 3, kisha mkojo ukapimwa. Daidzeini (fenoli ya soya) ipo kwa wote, lakini ekuoli, inayotengenezwa kutokana nayo, imetoka kwa baadhi tu, na urolitini, inayotokana na komamanga, vivyo hivyo. Halafu para-kresoli, fenoli nyingine, iko juu sana kwa wachache. Turudie vipimo, au tofauti hii ni ya kweli?

Bakteria_na_Mlo: Msifute kitu. Sehemu kubwa ya polifenoli (fenoli za mimea) hainyonywi kwenye utumbo mwembamba. Inateremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria ndio huamua kitakachoingia kwenye damu. Chukua ekuoli: kwenye soya yenyewe haitegemewi kuwapo. Hutokana na daidzeini ikishapita mikononi mwa bakteria kama *Adlercreutzia equolifaciens* na *Slackia isoflavoniconvertens*. Asiye nao hatoi ekuoli hata akila soya kila siku, na watu wa namna hiyo ni wengi.

Msiangalie kiasi cha ekuoli peke yake. Gawanyeni ekuoli kwa daidzeini, kisha mchukue logi ya msingi wa 10. Ikizidi -1.75, yaani ekuoli ni zaidi ya 0.018 ya daidzeini, mtu huyo ni mzalishaji. Uwiano huu hausumbuliwi na aliyekunywa maji mengi. Daidzeini ikiwa karibu na sifuri, hapo tatizo ni kwamba hakula soya, na hamwezi kumpanga kundi lolote.

Urolitini nayo hugawa watu katika makundi, kulingana na wanachozalisha: A, B na sifuri. Kundi sifuri ni watu wazima wenye afya zao ambao bakteria wao hawageuzi asidi ya elagiki ya komamanga kuwa urolitini za mwisho.

Kromatografia: Naungana na mkuu hapo juu, ila kabla ya kumwandika mtu "sifuri" kagueni saa ya kukusanya mkojo. Chukua mfano wa kwesetini, polifenoli nyingine: ile ya kitunguu, iliyofungwa na glukosi, hufika kilele kwenye damu ndani ya saa 1 hivi. Rutini ni kwesetini hiyo hiyo, lakini sukari yake inangoja kukatwa na bakteria, kwa hiyo kilele huja baada ya saa 6 hadi 9. Urolitini huchelewa zaidi: kusanyeni hadi saa 48. Mkojo wa saa 6 utawafanya karibu wote waonekane sifuri.

La pili ni kimeng'enya. Fenoli hizi hutoka zikiwa zimebandikwa asidi ya glukuroniki (huitwa glukuronidi) au salfeti, na kimeng'enya huzibandua kabla ya kupima. Kimeng'enya cha *E. coli* hukata glukuronidi tu. Cha *Helix pomatia* hukata vyote viwili. Ila hiki cha pili huweza kuja na isoflavoni zake (kundi la daidzeini), hivyo kila mkupuo wa vipimo uwe na sampuli tupu yenye kimeng'enya bila mkojo. Wengi hulisahau hili, kisha wanashangaa daidzeini inatoka wapi.

FigoNaMlo: Para-kresoli ina chanzo kingine kabisa: tirosini, amino asidi ya protini iliyofika utumbo mpana bila kumeng'enywa. Nyuzinyuzi zikiisha, bakteria hugeukia amino asidi, hasa sehemu ya mwisho ya utumbo ambako wanga umekwisha kuliwa. Kwa hiyo waulizeni hao wachache kuhusu choo kigumu na kiasi cha nyama kabla ya kuwatilia shaka. Ini huibandika para-kresoli salfeti, njia ile ile inayotumika kuondoa parasetamoli. Aliyemeza dawa hiyo aandikwe pembeni. Mwenye figo dhaifu msimpime kwa mkojo pekee, maana salfeti ya kresoli hubaki kwenye damu ikiwa imeshikamana na albumini, protini ya damu.

Kama mnapima pia asidi ya hipuriki, zuieni soda na vyakula vyenye benzoeti (kihifadhi) siku 2 kabla. Benzoeti ikiungana na amino asidi glaisini kwenye ini hutoa hipuriki, na mtu ataonekana amekula matunda ambayo hakuyagusa.

MezaYaSampuli: Asanteni sana. Tukiwaongezea soya wasio na ekuoli, watabadilika?

Bakteria_na_Mlo: Mara nyingi hapana. Chakula hulisha bakteria waliopo. Wasiokuwepo hawaoti kwa soya. Waulizeni pia kama wametumia antibiotiki ndani ya miezi 3, kisha wachambueni wazalishaji na wasiozalisha kila kundi kivyake. Mkichanganya wastani wao, athari ya mlo inaweza kupotea.